Sekunde Nne

Nilikuwa kinyozini, Langoni, povu shavuni,
nilipomsikia Mwanamkuu akiimba
ndani ya simu ya mtu.
Miaka kumi na tisa tangu tumzike.

Sekunde nne tu. Nimezihesabu.
"Abishe hodi, ta—"
ngoma inamkaba, anarudi,
"abishe hodi, ta—"
kama mtu aliyesimama mlangoni
asiyekaribishwa wala kufukuzwa.
Kinyozi akatikisa kichwa, wembe mkononi: "Biti kali hii."
Nikamwambia anyoe, asicheze.

Wimbo wenyewe, kwa wasiokuwapo,
ulikuwa wa vugo, harusi ya Gadeni, mwaka wa mvua nyingi:

    Mtungaji nimetunga, koja si la kuokota;
    atakaye kujifunga, abishe hodi, taleta.

Nyuma yake pembe zinagongwa,
mtoto analia, jagi linaanguka.
Hata jagi wamelichukua.
Sasa ndilo linaloshika mapigo.

Nikamtafuta aliyekata. Nzai, wa Muyeye, Malindi,
miaka ishirini na miwili, chumba kimoja,
godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi.
Kaseti aliipata kwenye gunia la vyuma chakavu.
Alisema bila kuogopa: "Mzee, ni sekunde nne.
Hayo ni matumizi ya haki."
Kisha, polepole: "Sikujua ana jina.
Juu ya kaseti pameandikwa HARUSI 3."

Mwandiko ule naujua.
Ni wa baba yangu.

Hapo hasira ikapata kigugumizi.
Maana baba alikuwa na redio ya kaseti mbili,
akaiweka dirishani, upande wa wanaume,
akainasa sauti ya mwanamke aliyewaimbia wanawake,
akatoa nakala, akaziuza shilingi thelathini
mpaka Faza, mpaka Witu.
Mimi nilivaa viatu vya shule vilivyonunuliwa na HARUSI 3.
Mwanamkuu alipata sahani moja ya halua
na sifa asizoziomba.

Na yeye je? Shangazi anaapa lahani ile
Mwanamkuu aliitoa kwenye filamu ya Kihindi,
akaivua sari, akaivisha buibui.

Basi niambieni, wenye sheria,
kwenye fomu hii mliyonitumia kutoka Nairobi,
penye "Mmiliki wa kazi", niandike nani?
Mmeacha nafasi ya jina moja.

Huku kwetu kukata na kuunga si jambo geni.
Ukilipenda shairi la mtu, unalifanyia takhmisa:
mistari mitatu yako juu, miwili yake chini,
na mwenyewe unamtaja,
hata kama kaburi lake limekwisha kumezwa na mchanga.
Kwa hiyo fomu nimeigeuza,
na nyuma, kweupe, nimeandika:

    Ewe uliyeichonga, sauti ukaikata,
    sina kesi, sina panga, wala kwako sitateta,
    ila jina kulitenga, deni litakufuata:
    *mtungaji nimetunga, koja si la kuokota;
    atakaye kujifunga, abishe hodi, taleta.*

Mistari miwili ya mwisho ni ya Mwanamkuu binti Athmani.
Nimeipiga picha karatasi, nimemtumia Nzai.
Tiki mbili. Kimya.
Siku ya tatu akajibu: jina amelitia,
amelikosea herufi moja.
Na shilingi elfu mbili kwa simu, "za kwanza, mzee."
Na swali: "HARUSI 1 na 2 ziko wapi?"

Ziko hapa, chini ya kitanda, ndani ya bati la biskuti.
Sijamjibu.
Kwanza nitakwenda Gadeni, kwa mjukuu wake,
na hizo elfu mbili mkononi
na jina la baba yangu mdomoni, zito kama kokwa,
nibishe hodi.